Mlima wa tatu: tunaujua wa kwanza, tunaujua wa pili, halafu?

Wadau, leo naanza na chemsha bongo. Usimwulize mtu na usifungue simu. Mlima mrefu kuliko yote Tanzania ni upi? Kilimanjaro, mita 5,895, hata mtoto wa chekechea anajua. Wa pili? Meru, mita 4,500 na ushee. Sawa. Wa tatu je?

Nimezunguka na swali hili mwezi mzima. Nimeliuliza kwenye chumba cha habari, kwenye daladala, kwenye harusi ya binamu yangu na mara moja (nakiri) kwenye msiba. Majibu niliyopata ni haya: Hanang, Rungwe, Uluguru, Usambara. Msomi mmoja mwenye shahada mbili akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni Mlima Kenya. Hakuna hata mmoja aliyesema Loolmalasin.

Lisome tena polepole: Lo-ol-ma-la-sin. Ramani nyingi zinaupa urefu wa mita 3,682, nyingine 3,648. Chukua tarakimu yoyote kati ya hizo mbili, bado unaizidi Hanang yenye mita 3,400 na ushee, na bado ni wa tatu nchini. Uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mashariki mwa ile kreta ambayo dunia nzima inaijua, kaskazini mwa Karatu. Kwa mwewe ni safari fupi tu kutoka pale stendi.

Sasa hapa ndipo aibu inapoanza, maana mimi ni mtoto wa Karatu. Nimesoma shule ya msingi pale, nimecheza chandimu kwenye vumbi jekundu pale, nimeuza karanga kwa madereva wa watalii pale. Nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam na nimekuwa mwandishi wa gazeti kwa miaka mitatu. Loolmalasin nilikuja kuujua nikiwa na miaka ishirini na sita, tena kwa bahati, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye ramani.

Najitetea kidogo. Ukiwa Karatu mjini mlima unaouona ni Oldeani. Huo ndio unaopamba kila alfajiri ukiwa unakwenda shule, na ndio uliowapa jina mashamba ya kahawa yaliyoanzishwa na walowezi wa Kijerumani. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mianzi, na kweli mianzi ipo kule juu. Oldeani una mita 3,200 hivi. Sisi watoto tulikuwa tunaapa kwamba hakuna kitu kirefu zaidi ya ule mpaka ufike Moshi. Kumbe nyuma ya ule msitu, mahali ambapo macho yetu hayafiki, kuna kaka yake mkubwa amekaa kimya anatuangalia!

Lakini kutouona siyo sababu ya kutoujua. Kilimanjaro yenyewe watu wa Mtwara hawaioni. Wameijua kwa sababu waliimbishwa shuleni, wakaikuta kwenye noti, kwenye chupa ya bia, kwenye chupa ya maji, kwenye jina la uwanja wa ndege na kwenye fulana ya mjomba. Mlima unajulikana pale watu wanapoamua kuutaja. Huu wa tatu hakuna aliyeamua.

Basi nikaamua kwenda

Tulikuwa sita. Tulichangishana kama watu wanaochangia harusi, mimi nikawa mweka hazina. Tulipoingia kwenye ofisi moja ya kupanga safari (jina naliacha), dada wa mapokezi alitukaribisha vizuri sana na swali lake la kwanza likawa: "Wageni wenu ni wangapi?"

Tukamwambia wageni ndio sisi.

Akacheka. Siyo kwa dharau, nadhani. Alicheka kama mtu aliyesikia kitu kipya. Akauliza sasa mnakwenda kufanya nini huko. Tukasema kupanda mlima. Akauliza mmetumwa na nani. Jamani! Mtanzania akipanda mlima lazima awe ametumwa, au awe mpagazi, au awe anatafuta ng'ombe aliyepotea.

Siwezi kumlaumu yule dada hata chembe. Miaka yote anayofanya kazi pale, vijana wa rika letu wanaoingia mlangoni wanakuja kuomba kazi. Karatu ni mji unaoishi kwa watalii. Vijana wetu wanaendesha magari yao, wanayaosha, wanaziba pancha, wanapika chakula chao cha boksi na kutandika vitanda vyao. Tangu barabara ya lami ya kutoka Makuyuni ifike lango la Ngorongoro miaka ya mwanzo ya 2000, tumeshuhudia maelfu kwa maelfu wakipita kwenda kuona. Wengi wetu tumeishia langoni. Rafiki yangu mmoja ameosha magari ya safari kwa miaka saba. Anaijua tope ya Ngorongoro kwa rangi, anaweza kukuambia hii imetoka kreta na hii imetoka Ndutu. Hajawahi kuikanyaga.

Haya, tuendelee. Tulipita lango la Lodoare asubuhi, tukapanda ule msitu wenye ukungu na miti iliyoota ndevu, tukafika ukingoni mwa kreta. Kila gari linasimama pale, watu wanapiga picha. Mbele kidogo kuna mnara wa mawe, kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 akiwa anafanya kazi ya kuhesabu wanyama na baba yake. Baba, Bernhard, alizikwa hapo hapo mwaka 1987. Sina ugomvi na marehemu. Walifanya kazi kubwa na waliipenda nchi hii. Nasema tu kwamba nilipokuwa darasa la tano nilikuwa ninajua jina la yule Mjerumani na la baba yake na rangi ya ndege yao (ilipakwa mistari kama pundamilia), na nilikuwa sijui jina la mlima wa tatu wa nchi yangu ulioko nyuma ya kaburi lake. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Magari ya watalii yakageuka kwenda kushuka kreta. Sisi tukafuata ukingo upande wa mashariki, kuelekea Nainokanoka. Na hapo, wadau, ndipo Ngorongoro nyingine inapoanza. Hakuna msururu wa magari. Kuna watoto wanachunga ndama, kuna punda, kuna akina mama na kuni, kuna baridi ya kutoboa mfupa. Mbele yako kuna bonde kubwa la majani linaitwa Embulbul, limezungukwa na milima kama bakuli. Upande mmoja Olmoti, mita 3,100 hivi, ambao kreta yake inatoa mto Munge unaoporomoka na kwenda hadi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Mbele huko ni Empakaai, kreta yenye ziwa ndani yake na flamingo. Na juu ya yote, mabega mapana na kichwa ndani ya wingu, Loolmalasin.

Tulipewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana kule kuna nyati na chui na huruhusiwi kutembea peke yako. Tukapata pia kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa hapo hapo, wa umri wangu kabisa, kidato cha nne, shuka jekundu na viatu vya matairi. Mimi nilikuwa nimevaa buti za mtumba za bei mbaya zilizoniua vidole. Yeye alikuwa anapanda huku anapiga mluzi.

Tulipopumzika mara ya kwanza nikatoa daftari langu la kiandishi nikamwuliza: "Kaka, huu mlima nyie mnauitaje?"

"Loolmalasin."

Nikaandika. Akasubiri nimalize. Halafu na yeye akauliza, kwa heshima tu, kama mtu anayetaka kujua:

"Na nyie mnauitaje?"

Nikakosa jibu. Sisi wa Karatu mjini, sisi wa chuo kikuu, sisi wa magazeti, tunauitaje? Hatuuiti.

Kileleni

Sitawachosha na habari za kupumua kama mzee wa miaka tisini. Hakuna theluji kule, hakuna kamba, hakuna gesi ya kupumulia. Ni majani, vichaka, mavi ya nyati, ukungu na mwinuko usioisha. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza. Dada mmoja katika kundi letu, mhasibu ambaye mazoezi yake ni kupanda ngazi za ofisi, alifika kabla yangu, na amenionya nisipoandika hilo hatutazungumza tena. Nimeandika.

Juu tulikuta wingu. Tukakaa ndani yake nusu saa tunatetemeka na kugawana chapati za jana. Halafu upepo ukavuta pazia kwa dakika kama kumi hivi. Yule kijana akaanza kutuonyesha kwa fimbo: kule ukingo wa kreta. Kule Olmoti. Kule Empakaai, na nyuma yake ile pembe nyeupe-nyeupe ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, volkano hai iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Na huku chini, mashariki, Bonde la Ufa linavyoporomoka.

Wanajiolojia wanasema Ngorongoro yenyewe ilikuwa mlima, tena mrefu. Wapo wanaokadiria kwamba huenda ulikaribiana na Kilimanjaro, kabla haujazama ndani yake zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita na kuacha lile shimo lenye kina cha mita 600 hivi tunalolionyesha wageni. Kwa hiyo tunachokiuza dunia nzima ni mlima ulioanguka. Huu uliobaki umesimama hatuutaji.

Kwa nini nasema hili ni jambo la maana

Najua kuna atakayesema: kijana, nchi ina matatizo kibao, wewe unalia na jina la mlima? Umeme, ajira, bei ya unga. Swali halali. Nina majibu matatu.

La kwanza ni maji. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ndio tangi letu. Chemchemi na mito inayotoka huko ndiyo inayowanywesha watu wa Karatu na kuteremka kwenda Ziwa Manyara. Vile vitunguu vya Mang'ola unavyovikuta Kilombero Arusha, Kariakoo na hadi Nairobi, vinamwagiliwa kwa chemchemi zinazotoka chini ya milima hii, kule kwenye bonde la Eyasi. Mkulima wa Mang'ola hana haja ya kuupenda mlima kwa ajili ya picha. Akiuangalia mlima anaangalia akaunti yake ya benki. Lakini mtu hawezi kulinda akaunti asiyojua kama anayo.

Na milima ina namna yake ya kujitambulisha tusipotaka kuijua kwa heri. Ni Watanzania wangapi walikuwa na habari na Hanang kabla ya Desemba 2023? Ilibidi mvua inyeshe, udongo na mawe yaporomoke juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wapoteze maisha, ndipo jina la mlima ule likaingia kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Sitaki Loolmalasin au Oldeani nao waje kujulikana kwa staili hiyo.

La pili ni fedha, maana najua nyie mnapenda fedha. Mtalii wa kawaida analala Karatu usiku mmoja, anashuka kreta asubuhi na mapema, anaona simba na kama ana bahati anaona faru, anapanda, huyoo Serengeti. Karatu tunabaki na vumbi na bili ya kufua mashuka. Sasa mtu anayetembea kwa miguu ni mteja wa aina nyingine. Safari ya kutoka Nainokanoka, kupitia Bulati, kwenda Empakaai na kuteremka hadi Ngare Sero chini ya Lengai inachukua siku kadhaa. Anahitaji muongozaji, anahitaji mpishi, anahitaji punda wa mizigo na mwenye punda, anahitaji viazi, vitunguu na mayai kwa siku zote hizo. Gari linakunywa mafuta yaliyotoka ng'ambo. Punda anakula majani ya hapo hapo, na hela yake inabaki mfukoni mwa mwenye punda. Njia hiyo ipo na wageni wachache wanaipita miaka yote. Filamu ya Royal Tour ilipotoka mwaka 2022 tulisema tunataka watalii wengi zaidi. Sawa, lakini kuwaongeza wote ndani ya shimo moja ndiyo akili? Wapeleke na juu!

Hapa nasikia mtu wa uhifadhi anakohoa. Anataka kusema: unaona Kilimanjaro ilivyojaa takataka, unataka tuharibu na huu? Mzee wangu, nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri. Mimi sitaki Loolmalasin iwe soko la Kariakoo. Sitaki hoteli kileleni wala sitaki kamba ya kuning'iniza watu wakipiga kelele. Nataka makundi madogo, idadi maalumu, waongozaji wa vijiji vile vile, na kila mtu ateremke na taka zake. Inawezekana. Ila msitumie hofu ya kuharibika kama sababu ya kuuficha. Kitu kilichofichwa kinaharibika pia, tofauti ni kwamba hakuna anayepiga kelele.

La tatu ndilo gumu, na ndilo lililonifanya nikae kuandika haya badala ya kuweka picha tu na kulala.

Mwaka 1959, Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikaundwa kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Eneo lenye kilomita za mraba zaidi ya 8,000. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini kwenye kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, mwaka 1992 kikaruhusiwa kidogo, baadaye kikapigwa marufuku tena. Watu wameongezeka kutoka elfu nane hivi wakati ule hadi kupita laki moja. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wamehama kwa hiari na kwamba ikolojia imezidiwa. Wakazi wengi na watetezi wao wanasema hiari gani hiyo wakati shule na zahanati zinadhoofishwa. Agosti 2024 maelfu walijaa barabarani ndani ya hifadhi kulalamika, na mwaka 2025 Rais akaunda tume mbili kulichunguza suala hilo.

Sijifanyi kuwa na dawa ya mgogoro huu. Hoja ya serikali kwamba watu wameongezeka siyo ya uongo, na ukitembea Embulbul wakati wa kiangazi utaona majani yalivyochoka. Lakini kama mwandishi nimefuatilia mjadala huu kwenye magazeti yetu, runinga zetu na vijiwe vyetu, na kuna kitu kimoja kinanikera. Wengi wanaoongea kwa sauti kubwa, wa pande zote mbili, hawajawahi kufika. Wanaongea kuhusu "Ngorongoro" wakimaanisha kreta waliyoiona kwenye kalenda. Kule juu, kwenye vijiji vya Nainokanoka na Bulati, hawajui kama kuna kule juu. Tunajadili hatima ya watu wa mlima ambao jina lake hatuwezi kulitamka!

Nikakumbuka Oktoba 2020, Kilimanjaro ulipowaka moto. Nchi nzima ilisimama. Wananchi walipanda na matawi mikononi kuzima moto, wanafunzi walikwenda, magazeti hatukulala. Kwa nini? Kwa sababu ni mlima wetu, tunaujua kwa jina. Sasa jiulize, moto ukiwaka Loolmalasin usiku wa leo, nani atauona kwanza? Yule kijana mwenye fimbo. Nani atakimbia kuuzima? Yeye na kaka zake. Sisi wengine tutaisoma habari hiyo ukurasa wa saba, mistari minne, na mhariri atakuwa amekosea tahajia.

Siyo kwamba kwa sababu hiyo yule kijana ana haki ya kila kitu milele. Nasema kwamba mtu anayeujua mlima kwa jina, kwa njia zake, kwa chemchemi zake na kwa tabia ya mawingu yake, hafai kuwa wa mwisho kuulizwa. Tume inaweza kuwa na mawakili na maprofesa, vizuri sana. Naomba tu mtu awaulize pia wale wanaopanda huku wanapiga mluzi.

Sasa tufanye nini?

Sipendi makala zinazolia halafu zinaishia hapo, kwa hiyo nina mapendekezo, na siyo ya gharama.

Walimu wa jiografia, tafadhali: mstari mmoja tu. Kilimanjaro, Meru, Loolmalasin. Mtoto wa Karatu asome jina hilo akiwa darasa la nne, siyo akiwa na miaka ishirini na sita. Tuna jiopaki ya Ngorongoro-Lengai iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, na wilaya ya Karatu imo ndani yake. Heshima hiyo haina maana kama wanafunzi wa Karatu wanaisoma kwenye bango la barabarani wakiwa wanakwenda sokoni.

Mamlaka ya hifadhi, nayo pia tafadhali: kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, hilo tunashukuru. Ila kiingilio siyo kikwazo chetu. Kikwazo ni gari. Wekeni basi moja, hata la kizee, Jumamosi mbili kwa mwezi, kutoka Karatu hadi Nainokanoka, na muongozaji wa kijijini awepo pale. Mtashangaa watu watakavyojaa. Kama tunaweza kujaza basi la kwenda kuangalia mpira Arusha, hili halitatushinda.

Na sisi vijana tuliosoma. Tunajua majina ya milima ya Ulaya kutoka kwenye filamu. Tunalipa hela nzuri kwenda Zanzibar kulala ufukweni na kupiga picha na embe. Sawa, raha ni raha, hata mimi napenda embe. Lakini mwaka huu chukua siku tatu, uchangishane na wenzako watano, uende ukapande kitu ambacho nchi yako inacho na haikuambii. Ukirudi utakuwa na vidole vinavyouma na jibu la swali moja.

Tulipoteremka siku ile jua lilikuwa limeegemea Olmoti. Pale kijijini tulimkuta mzee mmoja amekaa na fimbo yake. Tukamwinamia kichwa na shikamoo yetu ya Kiswahili. Akaitikia, akamwuliza yule kijana kitu kwa Kimaasai, kijana akajibu, wote wawili wakacheka. Nikaomba tafsiri.

"Anauliza hawa ni kina nani. Nimemwambia ni watu wa Karatu. Anasema, kumbe nao huwa wanakuja?"

Nawasilisha. Na kabla hujalala leo, mwulize mtoto wa jirani lile swali la mlima wa tatu. Asipojua, mwambie.